Mumisionari anajua siku ya kurudi

Hapa Kolwezi tumewazoea vijana Wamormoni: shati jeupe, kravati, jina kifuani, wawili wawili kwa miguu ndani ya vumbi. Mvulana anaacha jamaa yake miaka 2, musichana miezi 18. Ni sadaka, na ninaiheshimu.

Lakini mumisionari anajua siku ya kurudi kwao. Jamaa zilizohamishwa Cité Gécamines kwa sababu ya mugodi wa shaba zitarudi wapi? Nyumba zilibomolewa.

Basi vijana wetu, mukibisha hodi kwa jamaa kama hizo, musianze na kitabu. Muulize kwanza: mulitoka mutaa gani? Maji munachota wapi? Muwasaidie kubeba bidoni. Kisha mufungue kitabu, hapo watawasikiliza.