Kabla ya kualika wageni wenye laptop kwenye Ziwa Kivu



Kila mara ziwa letu linapotajwa, hakukosi mtu wa kusema: kisiwa cha Idjwi kinaweza kuwa kama Mauritius. Wageni waje na laptop zao, wafanye kazi za huko kwao huku wanaangalia maji, na dola ziingie. Hatupingi. Mauritius ilianzisha viza ya namna hiyo mwaka 2020, Ushelisheli ikafuata 2021, Kenya nayo ikatangaza kibali chake 2024.

Lakini tuambiane ukweli. Mtu anayefanya kazi kwa mbali anahitaji nini? Usalama, umeme na intaneti. Basi. Idjwi yenyewe, nyumba nyingi bado hazina umeme. Na sisi wa ng'ambo hii, Masisi na Walikale, hata usalama hatuna.

Mwenzetu mmoja wa Walikale ana lisansi ya informatika. Alipata kazi ndogo ya kupanga data kwa watu wa mbali. Kila asubuhi alikuwa anapanda kilima kutafuta rezo. Mapigano yalipofika, antena ikanyamaza, kazi ikaisha. Si kwamba hakujua kazi. Hakuonekana tu mtandaoni.

Na tusisahau: koltani ya Rubaya, kule Masisi, na bati la Bisie, kule Walikale, ni vitu vinavyoingia ndani ya hizo laptop. Rubaya ilianguka mikononi mwa M23 mwisho wa Aprili 2024. Mawe yetu yanafika visiwani kwa wenzetu, sisi tuko nyumbani na diploma kwenye bahasha.

Pesa ya kuanzia ipo. Sheria ya madini ya 2018 inasema asilimia 15 ya mrabaha wa madini iende moja kwa moja kwa sekta au chefferie yenye mgodi. Bisie iko katika sekta ya Wanianga.

Kwa hiyo tunadai mambo mawili. Kwanza, kila sekta na chefferie yenye mgodi ibandike hadharani pesa iliyopokea na ilivyotumika. Pili, sehemu yake ilipe sola na antena, ili kijana wa Walikale afanye kazi kwa mbali akiwa kwao.

Wewe unayesoma, uliza kwenye ofisi ya kwenu. Uliza kwa maandishi, baki na kopi.

Wageni watakaribishwa. Lakini wenye nyumba nao wawe na taa.