Mwili Ukizoea Dawa: Funzo la Maji ya Moto

Kusini mwa mji wa Mpanda, katika Bonde la Rukwa, upo mji mdogo uitwao Majimoto. Jina hilo limetokana na chemchemi za maji ya moto zibubujikazo mahali hapo. Kila aliyewahi kuoga maji ya moto analijua jambo hili: hapo mwanzo maji humchoma, naye huingiza mguu kwa hadhari, baada ya dakika chache huyaona ya kawaida, na pengine hutamani yaongezwe moto. Si kwamba maji yamepoa kiasi hicho. Aliyebadilika ni mwogaji.

Nia ya makala haya ni kueleza kwamba kanuni inayofanana na hiyo ndiyo itawalayo dawa kali za kutuliza maumivu. Naamini kwamba kutoielewa kanuni hii kunawaumiza wananchi wetu kwa njia mbili zinazopingana: wako wanaotumia dawa hizo kwa miaka pasipo faida, na wako wanaonyimwa wakati ambapo hakuna kingine kiwezacho kuwasaidia.

Dawa ninazozisema ni zile za jamii ya afyuni. Wanafunzi wengi hulijua neno “kasumba” kwa maana ya fikra mbaya zilizoachwa na ukoloni. Lakini kasumba ni jina la afyuni yenyewe, utomvu mkavu wa mmea wa mpopi. Mwanzoni mwa karne ya 19 mtaalamu wa dawa wa Kijerumani, Friedrich Sertürner, alitenga kutoka katika utomvu huo kemikali iliyoitwa mofini. Katika jamii hiyo imo pia kodeini, pethidini, heroini, na tramadoli, ambayo iliundwa Ujerumani mwaka 1962 na kuanza kuuzwa huko mwaka 1977.

Kwa nini utomvu wa mmea uwe na nguvu juu ya maumivu ya binadamu? Jibu lilipatikana katika miaka ya 1970. Mwaka 1973 wanasayansi walithibitisha kwamba seli za neva zina vipokezi maalumu ambavyo mofini hujishikiza kwavyo, kama ufunguo katika kufuli. Mwaka 1975 John Hughes na Hans Kosterlitz, huko Aberdeen, Uskoti, walitambua kemikali ambazo mwili wenyewe hutengeneza kwa ajili ya kufuli hizo. Kumbe mwili una dawa zake za maumivu, na mofini huingia katika mlango ambao haukujengwa kwa ajili yake.

Tatizo huanza mlango huo ukifunguliwa kila siku kwa nguvu kubwa. Mwili hupenda uwiano. Seli zikiona zinatulizwa kupita kiasi, hupunguza usikivu wa vipokezi, huvivuta vingine ndani, na huongeza kazi ya kemikali ziamshazo neva. Matokeo yake ni kwamba kipimo kilichotosha mwezi wa kwanza hakitoshi mwezi wa nne. Haya ndiyo mazoea ya mwili.

Mwalimu anaweza kuonyesha mfano wake darasani bila gharama. Aandae mabeseni matatu: la maji ya baridi, la maji ya uvuguvugu, na la maji ya moto yasiyounguza. Mwanafunzi atie mkono wa kushoto katika maji ya moto na wa kulia katika maji ya baridi kwa muda wa dakika mbili, kisha aitie mikono yote miwili katika uvuguvugu. Mkono wa kushoto utasema maji ni baridi. Wa kulia utasema ni moto. Maji ni yale yale. Mkono wa kushoto ulikwisha kuufanya moto kuwa kipimo chake cha kawaida, na sasa hali ya kawaida ya watu wote inaonekana kwake kuwa upungufu.

Hivyo ndivyo ilivyo kwa mgonjwa aliyetumia dawa hizi kwa muda mrefu akaziacha ghafla. Hutokwa na jasho, huharisha, hukosa usingizi, na maumivu yake hurudi kwa ukali kuliko mwanzo. Yeye hudhani ugonjwa umezidi, kumbe ni mkono uliotolewa katika maji ya moto. Hurudi kwenye dawa, tena kwa kipimo kikubwa zaidi. Kwa sababu hiyo, aliyezoea asiache kwa siku moja. Apunguzwe polepole chini ya uangalizi wa daktari.

Mfano huu una mipaka yake, na mipaka hiyo ndiyo yenye hatari. Mwili hauzoei kila tendo la dawa kwa kasi moja. Faida ya kutuliza maumivu hupungua mapema. Kufunga choo hakupungui karibu kabisa. Na uwezo wa dawa kupunguza pumzi hubaki ukimvizia mtu anayeongeza kipimo, hasa akichanganya na pombe au dawa za usingizi. Aidha, mazoea hupotea. Mtu aliyepumzika majuma kadhaa kisha akarudia kipimo chake cha zamani anaweza kufa kwa kiasi kile kile alichokistahimili jana.

Yafaa basi wanafunzi watenganishe mambo matatu ambayo huchanganywa ovyo. Mazoea ni mwili kuhitaji kipimo kikubwa zaidi kwa nafuu ile ile. Utegemezi ni mwili kutaabika dawa inapokatwa. Uraibu ni mtu kutawaliwa na tamaa ya dawa hata inapomharibia maisha. Mawili ya kwanza yaweza kumpata yeyote anayetumia dawa hizi kwa muda mrefu, hata akiwa mcha Mungu na mwenye nidhamu. Ni elimu ya viumbe, si dosari ya tabia. La tatu ni ugonjwa, nao hutibiwa. Tangu mwaka 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili imekuwa ikiwatibu waraibu wa heroini kwa methadoni, ambayo hushika vipokezi vile vile lakini kwa utulivu na kwa muda mrefu.

Sasa tutazame maumivu sugu. Mkulima wa mpunga aliyeinama miaka thelathini, mpasua kuni, mchimbaji wa madini: hawa huumwa mgongo na magoti kwa haki kabisa, na hakuna apaswaye kuwacheka. Lakini je, dawa za jamii ya afyuni zinawafaa kwa mwaka mzima? Uchunguzi uliotangazwa Marekani mwaka 2018 uliwafuatilia kwa miezi 12 wagonjwa 240 wenye maumivu sugu ya mgongo, nyonga au magoti. Waliopewa dawa hizi hawakuweza kufanya kazi za kila siku kuliko waliopewa dawa za kawaida, na maumivu yao yalikuwa makali kidogo zaidi. Nchi hiyo ilijifunza kwa gharama kubwa. Kuanzia miaka ya 1990 dawa hizi ziligawiwa kwa wingi kwa maumivu ya kila aina. Baadaye zikaingia heroini na fentanili za magendo, na mwaka 2022 peke yake watu zaidi ya 80,000 walikufa kwa kuzidisha dawa za jamii hii.

Kwetu, mlango ulio wazi ni tramadoli inayonunuliwa dukani bila cheti cha daktari. Mtu huanza kwa kidonge cha mgongo ili awahi shambani, na baada ya miezi hawezi kuamka bila vidonge kadhaa. Nasema wazi: kwa maumivu ya mgongo na viungo, mazoezi ya viungo, kubadili namna ya kuinama na kubeba, dawa za kawaida zilizopimwa na mganga, na subira, vina faida ya kudumu kuliko kidonge kinachodai kuongezwa kila msimu.

Hata hivyo, nisieleweke vibaya. Msomaji mmoja atasema: “Basi tuzipige marufuku.” La, hasha. Mgonjwa wa saratani anayekaribia mwisho wa maisha hana hesabu ya miaka ya mbele. Naye mwili wake utazoea mofini, lakini kipimo chaweza kuongezwa kwa uangalizi, na kumwacha alie usiku kucha kwa hofu ya uraibu ni ukatili uliovaa joho la tahadhari. Tume ya jarida la Lancet ilionyesha mwaka 2017 kwamba katika tani 298.5 za dawa hizi, zikipimwa kwa nguvu ya mofini, zilizosambazwa duniani kwa mwaka, nchi maskini zilipata tani 0.1 tu. Jirani zetu wa Uganda wametuonyesha njia: tangu mwaka 1993 wamekuwa wakitengeneza mofini ya kunywa, na mwaka 2004 wakawaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuiandika. Hapa nchini Taasisi ya Saratani Ocean Road imekuwa nguzo ya huduma hii. Lakini kutoka Majimoto hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000, na mtu anayekufa kwa maumivu hasafiri umbali huo kwa chupa ya dawa.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Mofini isogezwe karibu na anayekufa, na tramadoli iwekwe mbali na anayechoka. Na somo la Bayolojia, linapofika kwenye mfumo wa fahamu, lisiishie kusema kwamba dawa za kulevya ni mbaya. Lifundishe kwa nini mwili huzizoea. Kijana aliyetia mikono yake katika mabeseni matatu atakumbuka, siku mzazi wake atakapoomba aongezewe kidonge cha pili, kwamba huenda ugonjwa haukuzidi. Atampeleka kwa daktari badala ya dukani.