"Hapana" ya Meneja si Hukumu



Hapa Silibwet na katika mashamba yote ya chai ya Bomet na Kericho, barua ya kukataa fidia hupokelewa kana kwamba imetoka kwa hakimu. Aliyevunjika mguu katika mteremko wenye utelezi, au aliyekatwa vidole na mashine kiwandani, huambiwa: "Ulikuwa mzembe." Naye huikunja barua, akarudi nyumbani na ulemavu wake. Sisi twasema: mwajiri na kampuni yake ya bima ni wadaiwa katika shauri hilo. Tangu lini mdaiwa akawa mwamuzi wa deni lake mwenyewe?

Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 haimtaki mfanyakazi athibitishe kwamba mwajiri alizembea. Yatosha kwamba aliumia kazini, kwa sababu ya kazi. Uzembe wa kawaida haufuti haki yake. Kinachoweza kuifuta ni utovu wa nidhamu wa makusudi. Na hata huo hauifuti iwapo ajali imeleta kifo au ulemavu mkubwa. Kwa ulemavu kamili wa kudumu, kipimo ni ujira wa miezi 96. Hiyo si sadaka. Ni deni.

Mwamuzi wa kwanza ni Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, si meneja. Mwajiri aarifiwe ajali, kwa mdomo au kwa maandishi. Naye ana siku 7 za kuiripoti kwa Mkurugenzi, na saa 24 iwapo mtu amefariki. Dai lisichelewe kupita miezi 12. Uamuzi wa Mkurugenzi usiporidhisha, zipo siku 60 za kuweka pingamizi kwake. Naye hutakiwa kujibu kwa maandishi katika siku 14. Baada ya jibu hilo, zipo siku 30 za kukata rufani katika Mahakama ya Ajira na Uhusiano wa Kazi. Anayengoja huruma ya ofisi ya shamba anaiachia kalenda immalizie kesi.

Lakini lawama isimwangukie mnyonge peke yake. Mnamo Desemba 2019, Mahakama ya Juu ilithibitisha kwamba madai haya yaanzie kwa Mkurugenzi, si mahakamani. Mwaka 2023, huko Edinburgh, mahakama ya rufani ilisimamisha kesi ya mamia ya wachumaji chai wa Kericho dhidi ya James Finlay (Kenya) Ltd., waliodai kuumizwa migongo na kazi yao, ili kwanza wafuate sheria hii ya Kenya. Ikiwa wote wanaelekezwa kwenye mlango mmoja, Serikali ina udhuru gani wa kuuacha mlango huo bila watumishi wa kutosha?

Twadai kila anayekataa fidia atoe sababu zake kwa maandishi. Twadai ofisi ya Mkurugenzi iheshimu siku zilizowekwa na sheria. Nayo makanisa twayaomba kila usharika uwe na daftari la walioumia: tarehe, mashahidi, nakala ya karatasi ya hospitali. Kumwombea majeruhi ni wajibu. Kumhesabia siku zake 60 ni wajibu vilevile.

Haki ya mvuja jasho haiji kwa kubembelezwa. Idaiwe, kwa maandishi, na kwa wakati wake.