Nyufa za Mbugani Haziponi kwa Saruji

Ghala likipasuka Usukuma, hukumu hutoka kabla ya uchunguzi: fundi kaiba saruji. Kikao kinaitishwa, mwenyekiti anaonyesha ufa uliopanda kingazingazi kutoka kona ya dirisha hadi kwenye linta, wazee wanatikisa vichwa, na mradi unaofuata unaandikiwa mifuko mingi zaidi na nondo nene zaidi. Misimu miwili mitatu ya mvua ikipita, ghala jipya nalo linapasuka palepale, kwenye kona ya dirisha. Anatafutwa fundi mwingine wa kulaumiwa.

Imani hii kwamba jengo la mbugani, kwenye udongo mweusi wa bondeni, huokolewa na saruji ni potofu, na wanaoilipia ni wakulima. Sisemi mafundi wote ni waaminifu. Wapo wanaopunja zege, na hao wawajibishwe. Lakini ufa wa zege lililopunjwa na ufa ulioletwa na udongo ni vitu viwili, na kuvitofautisha hakuhitaji maabara. Ufa wa udongo hufuata majira. Septemba na Oktoba unatanuka hadi kidole kinaingia, mvua zikikolea Januari unajibana. Mlango uliokuwa ukifunga vizuri kiangazi unaanza kukwama kwenye fremu. Sakafu inanyanyuka katikati, ukimwaga ndoo ya maji yanakimbilia ukutani. Saruji iliyopungua haiwezi kuufungua ufa mwezi wa tisa na kuufunga mwezi wa kwanza. Kinachokuja na kuondoka hivyo ni maji, na kinachoyapokea ni udongo.

Udongo mweusi wa mbuga umejaa madini ya jamii ya smektaiti, yenye vibamba vyembamba mno vilivyopangana. Maji yanajipenyeza katikati ya vibamba na kuviachanisha, udongo unavimba. Jua likiyanyonya, vibamba vinarudiana, udongo unasinyaa na ardhi inapasuka mipasuko inayoweza kushuka mita nzima au zaidi. Mkulima wa pamba anaijua mipasuko hiyo, maana ng'ombe wake huvunjikia miguu humo. Sasa twende kwenye hesabu, kwa sababu hapa ndipo imani ya saruji inapokufa. Sakafu ya zege ya sentimita 10 ina uzito wa kilo 240 hivi kwa kila mita ya mraba. Udongo wa mbuga uliokauka vizuri, ukipata maji huku umebanwa usivimbe, unaweza kusukuma juu kwa nguvu ya tani 10 kwa mita ya mraba, na upo unaozidi hapo. Mimina sakafu ya unene maradufu, utafika kilo 480. Nondo nazo haziongezi uzito wa maana. Kazi yake ni kuzuia vipande visiachane baada ya zege kupasuka. Na magunia? Yangesaidia kidogo kukandamiza, lakini mara nyingi ghala huwa limejaa baada ya mavuno, wakati wa kiangazi, na limebaki tupu mvua zinapoanza, yaani siku zilezile udongo unapovimba.

Ndiyo maana jengo jepesi la ghorofa moja, lenye kuta za tofali za kuchoma na paa la bati, huumia mbugani kuliko jengo zito. Anayeongeza saruji anashindana na udongo kwa uzito, na katika shindano hilo ameshashindwa kabla ya kuanza.

Imani hii ina ndugu zake wawili. Wa kwanza ni ule usemi kwamba msingi uchimbwe mwisho wa kiangazi, Oktoba, kwa sababu ardhi imekauka na sururu inagonga pagumu. Ugumu huo ndio mtego. Udongo uliokauka kupita kiasi ndio uliobakiza uvimbe mwingi zaidi. Ukimwaga jamvi la sakafu juu yake Oktoba, umelimwaga juu ya ardhi iliyoshuka hadi chini kabisa, na njia iliyobaki ni moja tu, kupanda juu. Wakati mzuri ni mvua zinapokata, Mei na Juni, udongo ungali na unyevu wa wastani, haudidimizi miguu wala haujapasuka. Uandae hapo, uufunike upesi kabla jua halijauchoma.

Ndugu wa pili ni hatari zaidi kwa sababu anaonekana msomi. Anasema: chimba udongo mbaya mita moja, jaza mchanga au mawe, maji yatapita. Yatapita yaende wapi? Mbugani maji hayashuki, kuta na sakafu ya shimo hilo ni udongo usiopitisha kitu. Umechimba beseni, ukalijaza mchanga, ukajenga ghala juu yake. Kila mvua inalijaza, na beseni linaunywesha udongo wa chini polepole miezi yote hadi uvimbe kuliko ungevimba bila mchanga wako. Nimeona ramani za ghala zenye shimo hili limechorwa kwa ustadi, mchanga umetiwa nukta, vipimo vimeandikwa, na hapana mahali palipoonyeshwa maji yatatokea wapi.

Tuanze basi na swali ambalo kamati nyingi hulikwepa: kwa nini ghala liko mbugani? Mandhari ya Usukuma yana mpangilio unaojirudia kilima hadi kilima. Juu kuna mawe ya matale, chini yake mteremko wa udongo wa kichanga ambao wenyeji huuita luseni, kisha ardhi inabadilika hatua kwa hatua hadi bondeni kwenye mbuga nyeusi, ambako maji na chembe laini kutoka juu huishia. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, aliueleza mfuatano wa namna hii mwaka 1935 kutokana na udongo wa Afrika Mashariki, akauita katena, na wanasayansi wa udongo wanaufundisha duniani hadi leo. Wakulima walikuwa wakiufuata zamani kabla yake: nyumba juu kwenye kichanga, mpunga na malisho chini. Leo ghala la chama cha msingi cha ushirika linapelekwa bondeni kwa sababu hapo ndipo kiwanja kilipopatikana bure na barabara iko karibu. Kiwanja cha bure mbugani ni ghali. Kupanda mita mia tatu kwenye luseni kunaweza kuokoa fedha kuliko ubingwa wowote nitakaoueleza hapa, na kamati iliyokubali kiwanja bila hata kuchimba shimo la kuangalia udongo haina haki ya kumlaumu fundi.

Kipimo cha kwanza hakina gharama. Chukua bonge la udongo kutoka kina cha mita moja, likaushe, litwange, lichekeche. Weka unga wake kwenye glasi iliyonyooka ufike vidole viwili, mimina maji mpaka karibu na mdomo, koroga, acha hadi kesho yake. Ukikuta udongo uliotulia umefika vidole vitatu, kuwa na wasiwasi. Ukifika vine, usijenge hapo kabla hujamwita mhandisi na kupeleka sampuli maabara.

Kama hakuna pengine pa kujenga, fedha ziende kwenye tuta. Nasema tuta, si shimo. Ondoa majani, mizizi na udongo wa juu sentimita 20 hadi 30. Uchonge uso uliobaki uwe na mgongo katikati, uulowanishe kiasi, uushindilie. Kisha leta moramu, si mchanga: moramu yenye changarawe na udongo mwekundu kidogo wa kuishikanisha, ambayo ikishindiliwa haipitishi maji kirahisi. Imwage tabaka la sentimita 20, ishindilie ibaki 15 hivi, ndipo umwage tabaka jingine, mpaka ufike sentimita 60 na sehemu kubwa ya tuta isimame juu ya ardhi ya jirani. Tuta litoke mita 1.5 nje ya kuta kila upande, na pembeni lifungwe kwa udongo mzito ulioshindiliwa ili maji yasijipenyeze chini yake.

Unyevu wa moramu ndio unaopuuzwa kuliko vyote. Ikamate mkononi uiminye. Ikibaki bonge, na bonge likivunjika vipande viwili vitatu ukiliangusha, iko tayari. Ikimwagika unga, ongeza maji. Ikiacha maji kiganjani, iache ikauke kwanza. Kumwaga malori yote siku moja, kisha kupitisha lori mara chache juu ya rundo la sentimita 60, si kushindilia. Juu panakuwa pagumu, chini pamelegea, na sakafu itatitia hata kama udongo wa chini haujavimba.

Tuta haliui uvimbe wote, na anayekuahidi hivyo anakudanganya. Moramu hiyo ina uzito wa zaidi ya tani moja kwa mita ya mraba, kwa hiyo inakandamiza mara nne zaidi ya sakafu peke yake. Faida yake kubwa zaidi ni kuiacha mbuga katika unyevu usiobadilikabadilika, na kusambaza msukumo unaobaki ili usichome mahali pamoja. Kuta zinahitaji hesabu ya peke yake: msingi ushuke chini ya kina kinachokauka na kulowa, au zisimame juu ya mkanda imara uliopigiwa hesabu na mhandisi. Sakafu iachanishwe na kuta, ikatwe viungo kila mita tatu au nne. Na kwa banda au ghala dogo, fremu ya chuma au mbao iliyofunikwa bati huvumilia kuyumba ambako ukuta wa tofali hauwezi. Mahali fulani chokaa ya asilimia 4 hadi 6 ikichanganywa vizuri na udongo wenyewe hufanya kazi nzuri, lakini isimamiwe na anayeijua.

Kisha maji ya paa. Ghala la mita 10 kwa 20 lina paa la mita za mraba 200. Mvua ya milimita 50, ambayo si ajabu kunyesha jioni moja, inaangusha juu yake lita 10,000, na bila gata lita hizo zote zinatua kwenye mistari miwili kando ya msingi. Hapo ndipo ufa wako ulipozaliwa. Funga gata, peleka maji kwenye tangi au mfereji uliosakafiwa unaoyatupa mbali. Ardhi inayozunguka kuta iteremke sentimita 5 kwa kila mita. Upande wa mlimani chimba mfereji wa kukinga maji. Mikaratusi ikae mbali, umbali usiopungua urefu wake ikikua, kwani mizizi yake hukausha upande mmoja wa jengo wakati mwingine umelowa.

Najua jibu litakalokuja: moramu iko mbali, na tripu ni pesa. Kweli. Kwa ghala hilo tuta lina eneo la mita 13 kwa 23, na moramu yake ni mita za ujazo 180 ikishindiliwa, kama 240 ikiwa bado imelegea, yaani tripu 24 hivi za lori la mita za ujazo 10. Si hela ndogo. Lakini mwenye kuzitaja tripu aweke mezani pia bei ya sakafu inayovunjwa na kumwagwa upya, na ya nafaka. Sakafu iliyopasuka hupandisha unyevu hadi kwenye magunia na kuwapa panya makao. Mahindi yenye unyevu huota ukungu, na ukungu huleta sumukuvu, ambayo mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Mfumo wa stakabadhi ghalani, uliowekewa sheria mwaka 2005, unamwomba mkulima aache mazao yake ghalani na kuiamini karatasi. Ana haki ya kuuliza karatasi hiyo imesimama juu ya udongo gani.

Wenye maghala yaliyokwisha kupasuka wasikimbilie plasta. Wafunge gata mwaka huu, wachimbe mifereji, wainue ardhi ya pembeni iteremke nje. Wabandike kipande kidogo cha plasta juu ya kila ufa, waandike tarehe, wakitazame mvua zote na kiangazi chote. Ufa ambao haukukivunja kipande chake ndio wa kuziba. Ule uliokivunja bado una maji yanayoufikia, na kabla ya kununua mfuko hata mmoja yatafutwe yanakotoka.