Mgeni na Aende Uwanjani

Mtu anayehamia mji asioujua hupungukiwa na watu kabla hajapungukiwa na fedha. Kazi anaweza kuipata mapema na chumba akakilipia, lakini wa kumpigia hodi usiku anapougua homa hanunuliki. Majirani humsalimia mlangoni wakapita. Wenzake wa kazini huachana naye kituo cha daladala. Michezo inamfaa mtu wa namna hii kwa sababu ina siku yake na saa yake, na haichezeki bila idadi. Timu yenye watu kumi humtafuta wa kumi na moja hata kama hawamjui jina.

Upungufu huo humkabili kijana wa Kilwa Kisiwani anapofika Dar es Salaam. Kwao hajapata kujitambulisha tangu azaliwe: kila anayekutana naye njiani anajua ni mtoto wa nani na baba yake huvua na chombo kipi. Akishavuka maji hadi Kilwa Masoko, akapanda basi na kushuka Mbagala Rangi Tatu, ukoo wake haumsaidii tena. Wengi hukimbilia kwa watu wa kusini wenzao, na hapana ubaya. Nairobi ilipata klabu zake mbili kubwa kwa njia hiyo: wahamiaji wa Kiluhya waliunganisha timu zao kuwa Abaluhya mwaka 1964, ambayo leo ni AFC Leopards, nao Wajaluo wakaunda Gor Mahia mwaka 1968. Kwa mfanyakazi aliyetoka magharibi mwa Kenya, siku ya mechi ilikuwa siku ya kuonana na ndugu na kupata habari za nyumbani. Lakini anayecheza na watu wa kwao peke yao, mwaka baada ya mwaka, anaishi mjini bila kuujua mji, wala mji haumjui. Wa kwao wampokee, asiishie kwao.

Njia iliyo karibu zaidi ni soka la mchangani. Kila jioni baada ya alasiri vijana hukusanyika kwenye viwanja vya mitaani, na mgeni anapaswa kufika kabla timu hazijagawanywa, maana anayechelewa hukaa nje mpaka giza. Awasalimie wote, amuulize nahodha kama ipo nafasi, na aikubali yoyote atakayopewa. Mara nyingi ataambiwa akae golini, kwa sababu wenyeji hawapataki. Akae bila kununa. Mpira ukitumbukia uani kwa watu, yeye ndiye akapige hodi na kuuomba. Wahenga waliposema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, walijua kwamba kazi ndiyo inayomtoa mtu ugenini. Jembe la kiwanjani ni kufua jezi, kuchora mistari, kukusanya mchango wa mpira mpya. Aliyebeba mojawapo ya kazi hizo huulizwa siku asipoonekana, na kuulizwa huko ndiko urafiki unakoanzia.

Ustadi si sharti. Fundi wa mpira anayetokea mara moja kwa mwezi hushangiliwa kisha akasahauliwa. Mchezaji wa kawaida asiyekosa Jumanne wala Alhamisi huanza kwa kujulikana jina, akaja kujulikana anapokaa, hatimaye akaingizwa kwenye orodha ya michango ya arusi na misiba. Tena asiwe na haraka ya kurudi chumbani. Inapoadhiniwa magharibi mpira huwekwa chini, watu huvua viatu, hukung'uta mchanga na kupokezana chupa ya maji, na hapo ndipo habari za kazi, vyumba vya kupanga na wagonjwa wa mtaani huzungumzwa. Nusu saa hiyo ina thamani kuliko magoli yote ya jioni.

Mtu mzima ambaye magoti yake yamechoka na asafiri na mchezo anaoujua. Vipo vikundi vya mbio za pole, maarufu kwa jina la jogging, ambavyo wanachama wake hukimbia pamoja alfajiri za mwisho wa wiki huku wakiimba, na vingi husaidiana kwenye shida na raha. Lipo pia bao, ambalo watu wa pwani hawalipi heshima inayolistahili katika jambo hili. Ubao ni uleule, mashimo thelathini na mawili katika safu nne, na kete 64. Mkilwa anayejua kunamua na kutakata hahitaji kufundishwa upya Unguja wala Mombasa, na hata Malawi atakuta mchezo wa jamii moja na huo. Mwalimu Nyerere, mtu wa Butiama, mbali kabisa na bahari, alikuwa mpenzi mkubwa wa bao. Barazani mgeni hukaa kwanza akatazama, akahesabu kimoyomoyo, akangoja anayeshindwa ainuke. Asimfundishe mwenyeji mtaji wake: hapo hupoteza marafiki kabla hajawapata.

Isidhaniwe kwamba kutazama mechi kunatosha. Katika kibanda umiza watu mia huketi bega kwa bega dakika tisini, nyuso zote zikielekea kwenye runinga. Filimbi ya mwisho ikilia kila mmoja hushika njia yake. Na palipo na mikeka ya kubeti, mgeni mwenye upweke huondoka na upweke wake pamoja na deni.

Nchi za mbali zina ugumu wake: lugha, baridi, ada za viwanja. Hata huko kanuni ni ileile. Mwaka 2004 Paul Sinton-Hewitt, mzaliwa wa nchi ambayo leo ni Zimbabwe, aliumia akashindwa kukimbia. Kwa kuwa hakutaka kupotezana na rafiki zake, aliandaa mbio za kilomita 5 katika bustani ya Bushy jijini London, yeye akiwa mpima muda. Siku ya kwanza walikimbia watu 13. Mbio hizo, zinazoitwa parkrun, leo ziko katika nchi nyingi, hufanyika asubuhi ya kila Jumamosi bila malipo, na huendeshwa na watu wanaojitolea. Mtanzania aliyehamia Uingereza, hata asiyependa kukimbia, anaweza kujiandikisha kuelekeza wakimbiaji kwenye kona. Kazi ndogo, lakini kila apitaye humshukuru, na wiki ya pili wanamtambua.

Liko pia jukumu la wenyeji, na Kilwa inalijua tangu zamani. Msafiri Ibn Battuta alipofika huko mwaka 1331 alimkuta sultani Hasan bin Sulaiman, aliyepewa jina la Abu al-Mawahib kwa ukarimu wake. Leo wageni wanaofika pwani ya Lindi ni walimu, wauguzi na watumishi wengine, baadhi wametoka Kagera au Mara na hawajapata kuiona bahari. Wanawake miongoni mwao wana tabu zaidi, kwa kuwa jioni kiwanja ni cha wanaume na baraza pia. Netiboli inataka watu saba tu kila upande. Wazee wa kijiji na walimu wakuu wakitenga kiwanja na jioni mbili za wiki, muuguzi mpya atafahamiana na akina mama wa kijiji kabla hawajakutana naye zahanati. Na nahodha wa Kisiwani anayemwona mwalimu mgeni amesimama kando ya kiwanja kwa jioni ya pili asingoje aombwe: amuulize jina, ampe jezi, amwambie kesho wanaanza saa ngapi.