Viungo vingi si faida tupu

Wanunuzi wa wanasesere wa mieleka ya Marekani hudhani kwamba mwenye viungo vingi ndiye bora daima. Historia ya soko hilo inasema vingine.

Mwaka 1984 kampuni ya LJN ilianza kutoa wanasesere wa WWF wa mpira mzito, wasio na kiungo hata kimoja. Hawakuweza kuketi wala kupiga magoti, lakini walistahimili kurushwa. Mwaka 1990 Hasbro ikaleta wadogo zaidi wenye springi. Kila mmoja na pigo lake, na mtoto hakuhitaji kufundishwa. Mattel ilianza mwaka 2010 kwa aina kama Basic, na Elite yenye viungo vingi na bei kubwa zaidi. Elite anaweza kumkaba mwenzake kama ulingoni. Ila kifundo kikilegea, hasimami tena. Mwaka 2017 Mattel yenyewe ilirudia umbo lile la Hasbro.

Kwa maoni yetu, anayewauzia watoto asifunge mtaji wake katika viungo wasivyovihitaji. Anayenunua vilivyotumika naye ajaribu magoti na vifundo kabla ya kutoa fedha.