Ini Lilindwe Tangu Ghalani

Wakulima wa Kibondo na Kasulu, katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, huvuna mahindi yao katika nchi iliyojaliwa mvua. Mvua hiyo ni neema. Lakini hindi likitiwa ghalani kabla ya kukauka huota kuvu, na kuvu huzaa sumu iitwayo sumukuvu. Sumu hiyo haionekani kwa macho wala haimalizwi na moto wa jikoni. Kiungo kinachobeba mzigo wake ni ini.

Wananchi wa Visiwani wasidhani kuwa shida hii ni ya wenzao peke yao. Sehemu kubwa ya sembe iliwayo Unguja na Pemba hutoka Bara. Ghala la mkulima wa Bara, kwa hiyo, ni mwanzo wa chungu chetu.

Wataalamu wanatufundisha kwamba seli ya ini ina vinasaba vile vile vilivyomo katika seli ya jicho au ya mfupa. Zinazoitofautisha ni alama ndogo za kikemia, ziamuruzo kinasaba kipi kifanye kazi na kipi kinyamaze. Utaratibu huo, uitwao epijenetiki, hulisaidia ini kuhimili misukosuko. Ini likijeruhiwa, vinasaba vya ukuaji huamshwa ili lijijenge upya, likipona, hunyamazishwa.

Lakini mlinzi asiyepumzishwa huchoka. Sumukuvu ikiliwa siku hata siku huharibu vinasaba na kuvuruga alama hizo, na saratani hupata njia. Mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B yumo katika hatari kubwa zaidi. Utafiti wa Gambia uliotangazwa mwaka 2015 ulionyesha kuwa kadiri mama alivyokula sumu hiyo wakati wa ujauzito ndivyo alama kadhaa katika vinasaba vya mtoto wake zilivyotofautiana na za wengine. Hasara hiyo, basi, yaweza kumfikia hata asiyezaliwa.

Wala hatuzungumzi nadharia. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu wapatao 20 walipoteza maisha kwa sababu ya sumukuvu.

Tunatoa wito kwa viongozi wa wilaya, mabwana shamba na mabibi shamba: mkulima wa Kibondo na Kasulu apatiwe turubai la kuanikia, kipimo cha unyevu na ghala lisilovuja, kabla ya mavuno na si baada yake. Wakaguzi wa bandarini nao wapime nafaka bila ya kuoneana haya. Wazazi wahakikishe watoto wanakamilisha chanjo ya homa ya ini. Nasi walaji tuyatupe mahindi yaliyoota kuvu, tusiwape hata kuku.

Ini hujitetea kwa kadiri ya uwezo wake. Wajibu wetu ni kutolizidishia adui.